Karama Ndani ya Basi la Korogwe

Kwenye basi la kutoka Handeni kwenda Korogwe niliwasikia abiria wakimjadili kijana aliyetoka mahabusu kwa dhamana. "Kaachiwa," mmoja alisema. "Ana mtu mkubwa huyo." Hakuna aliyekumbusha kwamba kesi bado ipo.

Mkobani nilikuwa na *Kusadikika* ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga, iliyotoka mwaka 1951. Shuleni tuliishangilia: Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wasome sheria, anajitetea kwa siku sita, mwisho anaachiwa huru. Safari ile mwisho huo ulinikwaza. Karama anashinda kwa hoja, lakini mlango anaufungua mfalme. Raia wa Kusadikika wanabaki wasikilizaji. Hatuambiwi walielewa nini. Wangepanda basi letu, huenda nao wangesema: ana mtu mkubwa.

Hapo ndipo riwaya inapopungua, na hapo hapo ndipo inapotusema. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla kosa halijathibitishwa. Dhamana imesimama juu ya msingi huo. Kwa marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama. Lugha tunayo. Lakini asipokuwepo wa kueleza kwa nini mtu ametoka, haki na hongo zinafanana machoni petu.

Nami niliyeyajua hayo sikusema neno. Nilimshika Karama mkononi, nikanyamaza mpaka Korogwe.