Mwenge wa Saa Moja, Kutoka Nguu hadi Vuga

Katika mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons wa zamani, mwenge uliwaka zamu sita za dakika kumi, na lazima mtu azihesabu kwenye karatasi. Kazi ya kuchosha. Mmarekani Kelsey Dionne, aliyetoa mchezo wa Shadowdark mwaka 2023, hakuifuta sheria hiyo. Aliihamishia kwenye saa ya mezani. Mwenge huwaka saa moja halisi, na hakuna mhusika mwenye macho ya kuona gizani. Wachezaji wakibishana, mwanga unaliwa.

Hapo ndipo ufundi wake ulipo: hofu ya zamani imebaki, hesabu zake zimeondoka. Mizigo haipimwi tena kwa uzani, bali kwa nafasi zinazolingana na nguvu za mhusika, zisizopungua kumi. Zamani mchawi alilisahau neno lake la uchawi mara tu alipolitamka. Sasa hurusha dadu ya pande 20, na akishindwa ndipo neno humtoka mpaka apumzike. Mwenye nafasi nzuri hurusha mara mbili na kuchukua namba kubwa, kanuni iliyotoka toleo la Dungeons & Dragons la 2014.

Muundo huu ungeibeba vizuri safari ya Mbega, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mwindaji huyo alitoka Nguu, nchi iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Handeni kabla Kilindi haijawa wilaya. Mwana wa mtawala mmoja alipokufa katika msako wa nguruwe, Mbega akakimbia. Mbele yake, Mto Pangani, ambao leo unapita Korogwe, kisha miinuko ya Usambara. Mbwa, mikuki, chakula: kila kimoja kinataka nafasi, na usiku hausubiri.

Lakini kuna mahali sheria inamkwaza. Shadowdark, kama mtangulizi wake, humpandisha mhusika daraja kwa hazina anayoipata. Mbega alipanda kwa kutoa. Aliwagawia Wasambaa nyama, wao wakampa vyakula vya shamba, na mwishowe wakamtawaza huko Vuga.

Dionne ameacha mlango wazi: viapo, siri na baraka navyo huhesabiwa kuwa hazina. Mwongozaji wa mchezo aliye Korogwe aanzie hapo. Nguruwe akiliwa porini na wawindaji peke yao, alama sifuri. Akigawiwa kijijini, alama tatu, sawa na hazina ya fahari, nazo zigawiwe kila aliyebeba nyama.