Kusimama kwa Visima: Vita, Mafuta na Sauti ya Mtawala katika Majalada ya Ghuba

Katika majalada ya utawala wa Kiingereza kuhusu Ghuba, hasa yale ya miaka ya Vita Kuu ya Pili, kuna neno ambalo msomaji hulipita bila kugeuka: kusimamishwa. Shughuli za mafuta zilisimamishwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, mtendaji wake hatajwi, na sentensi inayofuata inahusu jambo jingine. Mwanahistoria wa uchumi huichukua miaka hiyo kama pengo katika jedwali la uzalishaji, akairuka hadi pipa la kwanza lililosafirishwa. Mhakiki wa fasihi hana ruhusa ya kuruka. Makala haya yanadai kwamba kusimama huko ni tukio kamili lenye wahusika, usemi na gharama zake, na kwamba sisi wasomaji wa Kiswahili tunayo sababu ya pekee ya kulisoma.

Tuchukue mfano wa Qatar. Tarehe 17 Mei 1935 Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani alitia saini mkataba na kampuni ya Anglo-Persian uliompa mwekezaji haki ya kutafuta na kuchimba mafuta kwa miaka 75. Sheikh alipata rupia 400,000 kwa saini yake, ahadi ya rupia 150,000 kila mwaka, kiwango ambacho kingepanda baada ya miaka mitano, na mrabaha wa rupia tatu kwa kila tani. Haki hiyo ilihamishiwa kwa kampuni tanzu ya Iraq Petroleum Company. Uchimbaji ulianza Dukhan mwaka 1938, na majira ya baridi ya 1939 kuingia 1940 mafuta yakapatikana. Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza. Oktoba 1940 ndege za Italia zilishambulia Bahrain na Dhahran. Mwaka 1942 visima vya Dukhan vilizibwa ili visije vikaangukia mikononi mwa adui, na kazi haikurejea hadi vita vilipokwisha. Shehena ya kwanza iliondoka mwishoni mwa Desemba 1949, mwaka uleule ambao Sheikh Abdullah alimwachia madaraka mwanawe Ali.

Hesabu hii ni rahisi kuisoma vibaya. Kutoka mafuta kuonekana hadi mafuta kuuzwa ilipita karibu miaka kumi, na nchi iliyokuwa ikingoja haikuwa na akiba ya kungojea. Biashara ya lulu, iliyokuwa uti wa mgongo wa Qatar, ilikuwa imeshavunjwa na mdororo wa uchumi wa dunia pamoja na lulu za Japani zilizozalishwa kwa mikono ya binadamu. Vita vikaleta uhaba wa chakula. Watu wengi walihama. Mahali ambapo ofisi iliona kazi iliyoahirishwa, mwenyeji aliona miaka ya njaa.

Tukisome sasa kile kilichoandikwa. Jalada la mazungumzo na mtawala ni utanzu wenye kanuni zake, kama utenzi ulivyo na vina na mizani. Wasemaji wake ni watatu. Kampuni huandika kwa lugha ya vifungu na tarehe. Wakala wa Kisiasa wa Uingereza aliyekaa Bahrain huandika kwa lugha ya hali ya hewa: Sheikh ameridhika, Sheikh amekasirika, Sheikh ana wasiwasi. Sheikh mwenyewe huandika kwa Kiarabu, kwa salamu na dua, kisha barua yake hufasiriwa, na muhtasari wa tafsiri ndio unaopanda ngazi hadi kwa Mkazi wa Kisiasa kule Bushehr na hatimaye London. Kila ngazi inapopandwa, hoja hupungua na tabia huongezeka. Mtu aliyetoa hoja ya kisheria chini anafika juu akiwa mzee mwenye hasira.

Hapo ndipo uhakiki una kazi. Sheikh Abdullah hakuwa mjinga wa mikataba. Kabla ya 1935 aliichelewesha saini yake kwa muda mrefu, akijua kwamba kampuni ya Kimarekani ya Standard Oil of California ilikuwa imeshapata haki katika nchi jirani ya Saudia mwaka 1933, na kwamba Waingereza walihofu isije ikavuka mpaka. Pamoja na fedha alipata kwa Waingereza ahadi ya kulindwa dhidi ya uvamizi wa nchi kavu. Huo ni ustadi wa mtu aliyeijua thamani ya kusubiri. Kinachohuzunisha ni kwamba vita viliigeuza silaha hiyo dhidi yake. Mtawala aliyewahi kuwangojesha wengine sasa akawa yeye wa kungojeshwa, na hakukuwa na kampuni ya pili ya kumtishia nayo ya kwanza. Mrabaha hulipwa kwa tani, na kisima kilichozibwa hakina tani.

Fasihi ya mafuta imemsawiri vipi mtawala wa namna hii? Kazi inayotajwa kwanza ni riwaya ya Abdelrahman Munif, *Mudun al-Milh*, yaani Miji ya Chumvi, ambayo juzuu yake ya kwanza kati ya tano ilitoka mwaka 1984. Munif aliujua mchezo kwa ndani: alisomea uchumi wa mafuta hadi shahada ya uzamivu mjini Belgrade na akafanya kazi katika sekta hiyo. Riwaya inatuonyesha oasisi ikifyekwa mitende yake, bandari ya Harran ikijengwa, na wafanyakazi wakijikuta upande wa pili wa uzio. Amitav Ghosh, katika insha yake ya mwaka 1992 kuhusu riwaya hiyo, alilalamika kwamba mkutano wa watu na mafuta haujazaa fasihi inayolingana na ukubwa wake, tofauti na biashara ya viungo ya karne zilizotangulia. Lalamiko hilo bado lina uzito.

Hata hivyo, usawiri wa mtawala katika Munif unaacha swali. Amiri Khalid wa Harran ni mtu aliyetekwa na vitu: darubini, redio, kisha simu inayommaliza akili. Kejeli hiyo ni kali na inafaa, kwa kuwa inatuonyesha madaraka yakigeuka kuwa utazamaji. Lakini inafanana mno na picha iliyomo katika majalada ya Waingereza. Wakala wa Bahrain na mwandishi wa upinzani wanakutana mahali pamoja wasipopatarajia: wote wawili wanamwona mtawala kama tabia, si kama mjadili. Isitoshe, mwendo wa riwaya ni mwendo wa ujenzi. Meli inafika, kambi inajengwa, bomba linalazwa, na mwisho mgomo unalipuka. Umbo hili la masimulizi halina nafasi ya kutosha kwa mtambo uliokaa kimya, kwa kambi iliyohamwa, kwa mtu anayeamka kila asubuhi kungojea kazi iliyokwenda vitani.

Na nani walikuwa wakingoja? Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba hawakuwa Waarabu peke yao. Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu utumwa na utandawazi katika Uarabuni, ameeleza jinsi mahitaji ya dunia ya lulu na tende yalivyovuta Waafrika wengi, wakiwamo wa Afrika Mashariki, hadi Ghuba wakiwa watumwa. Wengine walitoka Baluchistan, na wengine walizaliwa hukohuko Ghuba. Kampuni ya mafuta ilipohitaji vibarua Qatar, baadhi ya waliopelekwa walikuwa watumwa, na mabwana zao walichukua sehemu ya ujira wao. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952 tu, miaka miwili na ushei baada ya shehena ya kwanza, na mabwana wakalipwa fidia. Jumba la makumbusho la Bin Jelmood mjini Doha, lililofunguliwa mwaka 2015, linalisema jambo hili waziwazi.

Tukirudi kwenye sentensi yetu tukiwa na habari hizi, sentensi inabadilika. Shughuli zilisimamishwa: kwa kampuni, maana yake ni chuma na meli vilivyoelekezwa vitani. Kwa Sheikh, ni mrabaha usiokuja. Kwa mtumwa aliyekuwa akichimba Dukhan, ni kupotea kwa ule ujira mdogo aliobakiziwa, ilhali utumwa wenyewe haukusimamishwa hata siku moja. Neno moja, gharama tatu, na jalada linaandika mbili tu.

Mtu huyu wa tatu hayumo katika jalada la mazungumzo, ila yumo katika rafu ya jirani. Katika kumbukumbu zilezile za Waingereza wa Ghuba kuna taarifa za watumwa waliokimbilia ofisi za mawakala katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 kuomba hati za uhuru. Taarifa hizo ni fupi: jina, alikozaliwa, alivyochukuliwa, aliyemnunua, alivyotendewa. Nazo zimepita kwa mkalimani na karani, kama barua ya Sheikh ilivyopita. Lakini zina nafsi ya kwanza, na zina mahali pa kuanzia. Ninapendekeza tanzu hizi mbili zisomwe pamoja, barua ya mtawala na taarifa ya mtumwa, kwa kuwa kila moja ni jibu kwa ukimya wa nyingine. Sehemu kubwa ya majalada hayo sasa imewekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya Qatar kwa ushirikiano na British Library. Umbali si kisingizio tena.

Kiswahili kinatupa chombo cha usomaji huo. Kutokana na mzizi mmoja tunapata kusimama, kusimamishwa, kusimamia na msimamo. Jalada linajua mawili ya katikati: kuna wanaosimamia na kuna kinachosimamishwa. Fasihi yetu ndiyo iliyohifadhi mengine mawili. *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inasimulia maisha ya wapagazi wa bandari ya Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948. Humo kazi pia inasimama. Makasha yanabaki melini, winchi zinanyamaza. Ila mtendaji wa kitenzi anajulikana kwa jina: Rashidi na wenzake. Kazi imesimama kwa sababu watu wana msimamo. Mgomo na usimamishaji vinafanana kwa sura, kama bandari tupu inavyofanana na bandari tupu nyingine; tofauti ni nani ana haki ya kusema "basi". Miaka michache tu inautenganisha mgomo wa Unguja na ukimya wa Dukhan, na bahari iliyo kati yao ni moja. Hatujawahi kuyasoma matukio haya mawili kama sura za kitabu kimoja.

Hoja hii ina uzito wa pekee kwa wasomaji walioko Birmingham. John Cadman, mwenyekiti wa Anglo-Persian wakati mkataba wa Qatar unatiwa saini, alikuwa profesa wa uchimbaji madini katika Chuo Kikuu cha Birmingham kuanzia 1908, na ndiye aliyeanzisha hapo, mwaka 1912, masomo ya uhandisi wa petroli. Alifariki mwaka 1941, mwaka mmoja kabla ya visima vya Dukhan kuzibwa. Katika chuo hichohicho, Maktaba ya Utafiti ya Cadbury inahifadhi nyaraka za Church Missionary Society, zikiwamo barua kutoka Mombasa na Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Elimu ya kutoboa ardhi na habari za watu waliovushwa bahari zimekaa katika taasisi moja, na mara chache sana zimewekwa mezani pamoja. Msomaji wa Kiswahili anayeishi Edgbaston au Small Heath ana uwezo wa kuziweka.

Wala si habari za kale tu. Uganda nayo ina kisima kilichokatizwa: Waki, karibu na Butiaba kwenye Ziwa Albert, kilichimbwa mwaka 1938, kisha vita vikaja na utafutaji ukalala. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Bunyoro ya Omukama Tito Winyi wa Nne. Mafuta ya kibiashara yalitangazwa mwaka 2006, na sheria ya fedha ya mwaka 2015 ikaitengea taasisi ya jadi asilimia moja ya mrabaha unaobaki kwa serikali kuu. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linavuka nchi inayozungumza Kiswahili. Barua zinazoandikwa leo kati ya kampuni, serikali na wafalme wa jadi zitakuwa majalada ya kesho, na ndani yake kutakuwa na mkulima ambaye shamba lake liliwekewa alama, akaambiwa asipande mazao ya kudumu, kisha akangoja fidia msimu baada ya msimu. Naye kazi yake ilisimamishwa.

Tunachohitaji, basi, ni zaidi ya riwaya ya mafuta inayoanza na meli na kuishia na moto. Tunahitaji masimulizi ya kungoja: mtawala mbele ya barua isiyojibiwa, mpiga mbizi asiye na lulu wala kisima, mke anayepima mchele wa mgao kwa kikombe. Mpaka masimulizi hayo yaandikwe, mhakiki aanze na kazi ndogo iliyo ndani ya uwezo wake. Kila akikuta kwamba shughuli zilisimamishwa, aulize zilisimamishwa na nani, na nani aliendelea kufanya kazi.