Siku ya Eros

Tarehe 13 Agosti 1898, jijini Berlin, Gustav Witt alipiga picha ya anga akakuta mchirizi mfupi katikati ya nyota zilizotulia. Ulikuwa wa sayari ndogo, ambayo baadaye iliitwa Eros. Wakokotoaji walitafuta njia yake: hulizunguka Jua kwa siku 643, ikikatiza hadi ndani ya njia ya Mirihi. Nawapa heko. Lakini wanaonivutia zaidi ni wapimaji wa mwanga, waliotaka kujua siku ya huko ina saa ngapi.

Mwaka 1901 Egon von Oppolzer aligundua kwamba Eros hufifia na kung'aa katika usiku mmoja. Tangu hapo kazi ikawa ya subira. Kila baada ya dakika chache mpimaji huulinganisha mwanga wake na wa nyota jirani isiyobadilika. Wingu jepesi likipita huzififisha zote mbili, na ulinganisho haupotei. Kila kipimo ni nukta moja kwenye mchoro. Nukta hupanda, hushuka, hupanda tena, hushuka tena. Mgeni wa kazi angeona kilele kimoja ni mzunguko mmoja. Kumbe Eros ni jiwe refu, kilomita 34 kwa 11 hivi, na kila inapojizungusha hutuonyesha ubavu mara mbili na ncha mara mbili. Vilele viwili ndiyo siku moja: saa 5 na dakika 16.

Kuna majira ambapo mwanga hautikisiki sana. Chombo cha kupimia ni kizima. Mhimili ndio umetuelekea, na ubavu ule ule unazunguka mbele yetu bila kujificha. Kwa kufuatilia majira hayo, wapimaji walijua mhimili umeinamia wapi.

Usahihi wao ndio unaonishangaza. Eros hujizungusha zaidi ya mara 1,600 kwa mwaka, kwa hiyo kosa la sekunde moja kwa kila mzunguko hukua hadi karibu nusu saa. Hata muda wa mwanga kutufikia lazima uondolewe kwenye hesabu.

Chombo cha angani NEAR Shoemaker kilipofika Eros mwaka 2000, kilikuta jiwe refu, kama nukta zilivyokuwa zimeeleza, tena lililopinda. Na mwaka 2007 wapimaji walitangaza jambo jingine: sayari ndogo nyingine iitwayo YORP, inayojizungusha kwa dakika 12 hivi, siku yake hufupika kwa takriban milisekunde moja kila mwaka, ikisukumwa na mwanga wa Jua unaofyonzwa na uso wake na kutoka tena kama joto.