Begi la Mlimani Lipimwe na Mzigo

Kwenye mitumba ya Bunda na Musoma, begi la mgongoni huchaguliwa kwa macho: rangi, jina lililoshonwa mbele, wingi wa mifuko. Mnunuzi akilitundika bega moja na kujitazama, biashara imekwisha. Kwa anayetaka kupanda mlima Balili asubuhi na kushuka jioni, uchaguzi huo ni hatari. Begi halikujaribiwa likiwa na kitu ndani.

Hesabu ianze na maji, maana lita moja ni kilo moja. Kwa jua la Mara, lita 3 kwa mtu mmoja si nyingi. Ongeza viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, koti la mvua, tochi na vifaa vya huduma ya kwanza, mzigo unakaribia kilo 6. Vyote huenea kwenye begi la lita 20 hadi 25. La lita 40 ni kujitafutia taabu: likibaki nusu tupu chupa hucheza, likijazwa linaelemea.

Mzigo ukae wapi? Jibu moja lilitoka jirani. Mwaka 1986, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Mkenya G. M. O. Maloiy na wenzake, waliopima oksijeni waliyotumia wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Mzigo ulipofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili, yaani kilo 12 kwa mwanamke wa kilo 60, nguvu waliyotumia haikuongezeka. Utafiti uliofanywa baadaye Afrika Kusini haukuukuta unafuu huo kwa kila mbebaji, na ndoo ya lita 20 inayopandishwa kutoka ziwani Majita imepita mbali kiwango hicho. Akina mama wanaoipandisha hawabebi bure.

Hata hivyo, ndoo iliyotulia juu ya ngata inasimama wima juu ya uti wa mgongo. Begi huning'inia nyuma, na aliyelibeba huinama mbele ili asivutwe. Kadiri chupa zinavyokaa mbali na mgongo ndivyo anavyozidi kuinama. Kwa hiyo maji yawekwe ndani, yakigusana na mgongo, katikati. Koti na vyakula vyepesi vikae nje yake. Mifuko mikubwa ya mbele, ile inayopendeza machoni, hualika kosa la kuyaweka maji mbali na mgongo.

Urefu wa mgongo una uzito kuliko lita. Futi ya fundi cherehani inatosha: inamisha kichwa, shika mfupa unaochomoza chini ya shingo, pima hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Linganisha na begi, kutoka mikanda ya mabegani inapoanzia hadi mkanda wa kiunoni. Begi likiwa fupi, mkanda hubana tumbo na hausaidii chochote. Kwa kilo 6, mkanda mwembamba unatosha kuzuia begi lisiyumbe.

La mtumba lipinduliwe ndani nje. Utando wa kuzuia maji ukinata vidoleni au kubanduka kama magamba, umeshaoza kwa joto na unyevu. Vuta kwa nguvu pale mkanda wa bega unaposhonwa. Kisha mwombe muuzaji chupa za maji zilizojaa, lijaze, livae, uiname kama unayefunga kamba za kiatu. Likikurukia kisogoni, lirudishe.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, safari ya kwenda na kurudi siku moja inawezekana, lakini kibanda hicho kiko mita 1,600 hivi juu ya Ziwa Victoria, na baridi huongezeka takriban digrii 6 kila mita 1,000. Sweta na koti zito vinadai lita 30. Kifuniko cha mvua huacha upande wa mgongo wazi, kwa hiyo nguo kavu ziingie kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji, wenye mdomo wa kukunja. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo usiitegemee badala yake; mfuko huo usiopitisha maji ununuliwe mapema.