Muhogo wa njano ulitengenezwa kwa ajili ya nani?

Leo naandika juu ya kitu niliyogawa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipomaliza lisansi ya agronomia, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kugawa mbegu ya muhogo wa njano huku Fizi, ndani ya mradi mmoja. Tulipewa maneno matatu ya kusema: inazaa, inavumilia mozaiki, ina vitamini A. Nikasema. Mama mdogo wangu wa Baraka alikubali kwa sababu ni mimi, akatoa nusu ya shamba lake. Alivuna vizuri sana. Akalowesha, akaanika, akasaga, akapeleka sokoni. Wanunuzi waligusa unga wakauliza: "Mama, hii imeoza ao umechanganya na mahindi?" Jioni alirudi nayo. Masomo yalikuwa karibu kuanza, na pesa ya watoto ilikuwa ndani ya unga ule.

Siku ile nilijitetea kama sisi maagronomu tunavyojiteteaka: watu hawajaelimishwa. Nilikosea. Unga mweupe kwetu si urembo. Muhogo ulioloweshwa vibaya, ao ulioanikwa wakati wa mvua ukashika ukungu, unabadilika rangi. Mnunuzi hana laboratwari, ana macho tu. Tena mgeni akifika, bugali nyeupe ndiyo inaonyesha kama umemheshimu. Na si sisi peke yetu: Kenya na Zimbabwe, mahindi ya njano yalibakia na jina la chakula cha njaa, msaada.

Walioitengeneza hawakuwa wajinga, tuseme ukweli. Watoto wanaokosa vitamini A wanaharibika macho, wanakufa kwa magonjwa madogo. Rangi ile ilitoka kwa mihogo ya Amerika ya Kusini, IITA wakaifanyia kazi Nigeria. Kongo ilikubali aina ya I011661, ile wanaita Kindisa, mwaka 2008. Nigeria yenyewe ilitoa aina tatu mwaka 2011. Lakini kusini-mashariki ya Nigeria, watu wanatia mawese ndani ya gari tangu zamani, kwa hiyo gari ya njano haikumshangaza mtu. Huku kwetu mawese yanaingia ndani ya sombe, bugali inabaki nyeupe. Mafuta ni yaleyale, sahani ni nyingine.

Na hapa ndipo lawama yangu kubwa iko, kwa sababu ni ya kiufundi kabisa. Karotini inaharibiwa na jua, na inaendelea kupotea unga ukikaa stoo. Sisi tunaanika juani siku nyingi! Ile faida tuliyokuwa tunahubiri, sehemu kubwa ilibakia kwenye mkeka. Mama mdogo alilipa bei ya rangi, vitamini hakupata yote.

Uganda walifanya vizuri zaidi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilikuwa na maji mengi, watu wazima wakavikataa, wanataka kiazi kikavu. Watafiti hawakuwaita wajinga. Mwaka 2004 walitoa aina za Kakamega na Ejumula zilizo kavu zaidi, kisha wakaendelea kuzalisha zingine. Robert Mwanga, Mganda, alikuwa mmoja wa wanne waliopata World Food Prize mwaka 2016 kwa kazi ya namna hii.

Kwetu hakuna aliyeuliza hata juu ya majani. Wamama wa Fizi wanachagua muhogo kwa sombe pia: jani laini, linalotwangika, lisilo chungu. Kwenye fishi yangu ya mradi kulikuwa tani kwa hekta na tena tani kwa hekta.

Mwaka jana nilipita Baraka. Shamba lote limerudi kwa muhogo mweupe. Ila nyuma ya jikoni mama mdogo ameacha mistari miwili ya njano. Hasagi. Anaichemsha mbichi asubuhi, watoto wanakula na ndagala mbele ya kwenda masomo. Nilimuuliza nani alimufundisha vile. Akacheka: "Wewe uliniletea mbegu, si ulifikiri unajua yote?"