Kusoma Kinyesi cha Nguruwe Asiyeumwa

Mwaka 2016, jarida la Archives of Virology lilichapisha utafiti wa Joshua Amimo na wenzake kuhusu virusi vilivyomo kwenye kinyesi cha nguruwe wa wafugaji wadogo Afrika Mashariki. Nguruwe wenyewe hawakuwa na dalili za ugonjwa. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kuhangaika na mnyama mzima ilhali wanaohara wapo? Kwangu mimi uzito wa kazi hii uko hapo hapo, na njia waliyoipita inafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Kipimo kilichozoeleka maabara ni PCR. Kukitumia ni kama kupiga hodi na kutaja jina: ukiita rotavirusi, naye yumo, ataitika. Usiyemjua jina humwiti, na asiyeitwa haitiki hata kama amejaa nyumba nzima. Hiyo ni kwa sababu PCR hutegemea praima, yaani vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kumlenga kirusi anayetafutwa. Watafiti hawa walitumia njia isiyomlenga yeyote: walizalisha kwa wingi vinasaba vyote vilivyopatikana, kisha wakaiachia mashine ivisome.

Ugumu uko kwenye kinyesi chenyewe. Gramu moja tu hubeba mabilioni ya bakteria, pamoja na seli za utumbo na mabaki ya chakula. Jenomu, yaani vinasaba vyote, ya bakteria E. coli ina herufi milioni 4.6 hivi, ya astrovirusi ni 7,000 hivi tu. Ukisoma kila kitu bila kuchuja, kirusi humezwa na umati.

Ndiyo maana maabara za fani hii huanza na usafishaji. Kinyesi kidogo hukorogwa kwenye maji ya chumvi, huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka makapi yatuame, na maji ya juu hupitishwa kwenye kichujio ambacho matundu yake mara nyingi ni ya mikromita 0.45. Bakteria wengi hukwama, virusi hupita. Kisha huja hatua ninayoiona ya werevu kuliko zote: huongezwa vimeng'enya vinavyokula DNA na RNA. Vinasaba vilivyo wazi huliwa. Vya kirusi husalimika, kwani vimo ndani ya ganda la protini. Ganda linalomkinga kirusi ndilo linalomtenga na wengine. Baadaye ganda hupasuliwa, RNA hugeuzwa kuwa DNA, na usomaji huanza.

Mara nyingi mashine ya kusoma haitoi jenomu nzima. Hutoa vipande vifupi, na kompyuta huviunga kwa kutazama mahali vinapofanana, kama mtu anayeunga barua iliyochanwa bila kuwa na nakala yake. Katika utafiti huu vilipatikana vipande vilivyoungwa 47,213. Vililinganishwa na hazina ya vinasaba ya GenBank kwa programu ya blastx, ambayo kwanza hutafsiri herufi za kipande kuwa protini. Herufi za vinasaba vya virusi hubadilika upesi, protini huchelewa. Kwa hiyo hata ndugu wa mbali hutambulika kwa protini.

Matokeo? Vipande 1,039 vyenye herufi zaidi ya 200 ndivyo vilivyoonyesha uhusiano na virusi, yaani kama 2 katika kila 100. Kati ya hivyo, 427 vilipata ukoo. Kwa upande wa virusi vya mamalia, vilivyojitokeza zaidi ni vya jamii za astrovirusi, rotavirusi, bokavirusi, sirkovirusi na kobuvirusi. Vilivyobaki, 612, vilifanana kidogo mno na chochote kinachojulikana, vikakosa ukoo.

Tusisome hesabu hizi vibaya. Kipande si kirusi: kirusi mmoja anaweza kutoa vipande vingi. Na kuwepo si kosa. Mwaka 2011, Shan na wenzake walieleza virusi vya nguruwe wachanga 36 wa shamba moja lenye msongamano. Wazima 24 walitoa kwa wastani aina 4.2 za virusi vya mamalia kila mmoja. Wale 12 waliokuwa wakihara walitoa aina 5.4. Tofauti ni aina moja na ushei! Angepimwa mgonjwa peke yake, kila kirusi aliyeonekana angebebeshwa lawama ya kuhara.

Hapo nguruwe mzima anapata thamani yake. Anatuonyesha virusi vinavyoishi naye bila kumwangusha. Hatua inayodaiwa sasa ni kulinganisha wazima na wagonjwa wa banda moja na umri mmoja, na kupima wingi wa kila kirusi. Kazi hiyo isicheleweshwe, kwa sababu nguruwe wa mfugaji mdogo huishi karibu sana na watu, na baadhi ya virusi vyake ni jamaa wa karibu wa virusi vya binadamu.

Si lazima kila maabara ya wilaya imiliki mashine ya kusoma vinasaba. Vipande vilivyokwisha kutambuliwa vinaweza kutumika kutengeneza praima zinazolingana na virusi vya hapa kwetu, kwa PCR ya gharama nafuu. Siku daktari wa mifugo akiletewa kinyesi cha nguruwe anayehara, atapiga hodi akiwa na majina ya kuita, na atakuwa anajua ni yapi huitika hata kwenye banda lisilo na mgonjwa.