Heko kwa Wasoma Mafaili

Shukrani za chumba cha wagonjwa mahututi huishia kwa daktari na nesi. Leo namvulia kofia anayekuja nyuma yao: mweka misimbo wa hospitali za Marekani, anayepekua faili mgonjwa akishatoka na kugeuza kila ugonjwa ulioandikwa humo kuwa msimbo.

Tuseme faili linasema hivi: presha 78 kwa 50, miguu baridi, mkojo haba, lakteti iko juu, dripu ya dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu, inatiririka. Mistari hii kwa pamoja inaashiria moyo ulioshindwa kusukuma damu ya kutosha. Lakini daktari ameandika tu “presha imeshuka.” Basi msimbo utakuwa I95.9, ule wa presha ya chini isiyofafanuliwa, kana kwamba mgonjwa alipata kizunguzungu tu. Mweka misimbo, hata awe na miaka ishirini kazini, haruhusiwi kumtambulia daktari ugonjwa. Huandika swali, tena kwa uangalifu lisije likamtilia daktari jibu kinywani: dalili hizi zilikuwa za nini, na dawa hii ilitibu nini? (Kumuuliza bingwa kuhusu maandishi yake kwataka ujasiri.) Daktari akithibitisha shoki ya moyo, huandikwa R57.0; ikiwa imesababishwa na upasuaji, T81.11.

R57.0 huweza kupandisha malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee, kwa hiyo kishawishi cha kuibandika ovyo kipo. Ninayemheshimu zaidi ni yule anayeona presha iliyoshuka dakika kumi baada ya dawa ya usingizi, ikarudi yenyewe, akalifunga faili bila kuiwekea msimbo.